Umma mwingine unapomalizika: Chui milia wa Sumatra na sisi



Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, nilikuwa nasomesha darsa ya tafsiri katika msikiti wa mtaani kwetu. Tulikuwa katika Suratul-An'aam, na usiku ule tukafika aya ya 38. Humo Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa wanyama wa nchi kavu na ndege wa angani nao ni umma, wana mpango wao kama sisi tulivyo na wetu, na kwamba mwisho wa wote ni kukusanywa kwa Mola wao. Nikatoa mfano wa chui milia wa kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, yule ambaye vitabu vya shule humwita simbamarara. Nikasema huo ni umma ulio njiani kumalizika, tena unamalizika mikononi mwa Waislamu.

Mzee mmoja, fundi cherehani asiyekosa darsa, akanyanyua mkono. "Ustadhi," akasema, "Waislamu wanauawa huku na huku duniani, vijana wetu hawana kazi, madrasa hazina walimu, wewe unatupeleka Indonesia kulilia chui? Akiingia hapa si utakuwa wa kwanza kutoka mbio?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Jibu nililompa usiku ule lilikuwa fupi na, nikiri, lilikuwa dhaifu. Nilimwambia tu kwamba rehema ya Uislamu ni pana. Akaitikia kwa adabu, lakini niliona wazi kuwa hakuridhika. Makala hii ni jibu langu la pili kwake.

Nianze na mnyama mwenyewe. Indonesia ilijaaliwa chui milia katika visiwa vitatu: Bali, Java na Sumatra. Wa Bali alikuwa mdogo wa umbo kuliko wote na kisiwa chake ni kidogo vilevile. Wa mwisho anayejulikana kwa hakika alipigwa risasi mwaka 1937. Wa Java alisukumwa mwaka hadi mwaka mpaka akabanwa katika msitu wa Meru Betiri, upande wa mashariki wa kisiwa, na alama zake za mwisho zisizo na shaka ni za mwaka 1976. Amebaki wa Sumatra peke yake. Wataalamu wanakadiria kuwa wako kati ya 400 na 600 msituni. Hebu pima mwenyewe: hao wote ukiwapanga safu kama watu wa swala, hawajazi msikiti mmoja mkubwa wa Ijumaa.

Kwa nini wanyama wa visiwani humalizika upesi? Mnyama wa bara akifukuzwa hapa hukimbilia kule. Msitu ukikatwa upande huu, huvuka mto akaenda upande mwingine. Wa kisiwani akikimbia hukuta bahari. Zamani sana, kina cha bahari kilipokuwa chini, visiwa hivyo viliungana na bara la Asia, na wanyama wakatembea kwa miguu mpaka huko. Bahari ilipopanda ikawafungia. Tangu hapo kila kisiwa kikawa na chui wake, kifaru wake, nyani wake wakubwa, wasiopatikana popote pengine. Kwa hiyo anayemaliza mnyama wa kisiwa huwa amemmaliza duniani kote. Hakuna ndugu zake watakaokuja kujaza nafasi.

Sasa tuulize: nani aliwamaliza wale wa Java? Tukisema wakoloni wa Kidachi hatutakuwa tumekosea. Wao ndio waliofyeka misitu kwa ajili ya kahawa na misaji, wao ndio waliolipa zawadi ya fedha kwa kila kichwa cha chui kilicholetwa. Lakini ukweli haupaswi kukatwa nusu. Katika majumba ya masultani wa Java kulikuwa na mchezo ulioitwa rampogan. Chui alifungwa ndani ya sanduku katikati ya uwanja, wanaume wenye mikuki wakamzunguka safu kwa safu, kisha sanduku likafunguliwa. Alipojaribu kuruka safu ile alipokelewa na ncha za mikuki. Watu walikuja kutazama kama tunavyokwenda kutazama mpira. Na nyakati nyingine mchezo huo ulifanywa katika shamrashamra za kumaliza Ramadhani. Mwezi mzima wa kufunga na kujizuia, kisha Idi inapambwa kwa kiumbe kinachotobolewa ili watu wastarehe! Ilhali Mtume (s.a.w.) amemlaani anayemfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya kulengea, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mchezo huo ulikwisha mwanzoni mwa karne ya 20, na chui nao wakawa wanaisha.

Msomaji anayetoka Unguja hapa haitaji kuelezwa zaidi. Kisiwa chetu nacho kilikuwa na chui wake, mdogo wa umbo kuliko wa bara, mwenye madoa yaliyokaribiana. Kwetu kusini, nilikokulia, chui hakutajwa kama mnyama wa kawaida. Ilisemwa kuwa wachawi humfuga, humtuma usiku kwa mbuzi wa watu na kwa watoto. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulipita kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao, na wakauawa wengi. Katika miaka ya 1990 watafiti walipokuja kumtafuta waliona hakuna tumaini kubwa la kumpata. Aliyejazwa pamba katika jumba la makumbusho la Zanzibar ndiye ambao wengi wetu tumemwona. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto wa maziwa nilivishwa shingoni ukucha wa chui kama kinga ya kijicho. Sikuwa na hiari, na wazazi wangu, Allah awarehemu, hawakujua kuwa wanatafuta kinga mahali ambapo haipo. Lakini leo nikihesabu miaka naona kuwa ukucha ule ulitoka kwa mmoja wa wale wa mwisho mwisho.

Na kuna jambo moja linalofanana kabisa baina ya Java na Unguja. Mnyama akishamalizika, watu huanza kumtafuta kwa hamu kubwa. Mwaka 2018 ilitangazwa kuwa kamera imemnasa chui Unguja, na hadi leo jambo hilo halijathibitika. Mwaka 2024 watafiti wa Indonesia walichapisha habari za unywele mmoja uliokutwa kwenye ua karibu na Sukabumi mwaka 2019, wakasema ni wa chui wa Java. Wataalamu wengine wakapinga. Unywele mmoja! Walipokuwa na ngozi nzima, meno na makucha walivigawa bure.

Turudi Sumatra, kwa huyu aliyebaki. Anauawa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni tanzi la waya. Mwanakijiji hutega waya njiani kumpata paa au nguruwe mwitu anayemharibia shamba, na chui naye akipita humo mguu hunaswa. Wengine hutega makusudi kwa ajili yake, kwa sababu ngozi, mifupa, meno na hata masharubu yana wanunuzi. Mifupa huvushwa kwenda nchi nyingine za Asia kutengenezewa dawa na mvinyo. Ngozi hupamba ukuta wa tajiri. Makucha na vipande vya ngozi hubaki hapohapo kuwa hirizi. Kumbe dada yake ukucha wangu bado yuko sokoni.

Njia ya pili ni kumwondolea msitu. Sumatra ilikuwa kisiwa cha msitu, leo sehemu kubwa ya mabonde yake ni mashamba ya michikichi na ya miti ya kutengenezea karatasi. Misitu iliyobaki imepanda milimani. Mitatu mikubwa, Gunung Leuser, Kerinci Seblat na Bukit Barisan Selatan, iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2004. Miaka saba tu baadaye, mwaka 2011, ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Eneo la Leuser, Aceh na jirani yake, lina ukubwa wa hekta milioni 2.6 hivi, na ndiko mahali pekee duniani ambapo chui milia, tembo, kifaru na orangutani bado wanaishi msitu mmoja. Jina orangutani ni la Kimalay, maana yake mtu wa msituni. Mwaka 2017 wataalamu walitambua kuwa wale wa Batang Toru, Sumatra Kaskazini, ni aina ya peke yake, wakaitwa wa Tapanuli. Wakati huohuo ikajulikana kuwa hawafiki 800.

Habari za kifaru ni nzito zaidi. Kifaru wa Sumatra, mdogo na mwenye manyoya, alikadiriwa mwaka 2022 kubakia kati ya 34 na 47. Malaysia ilikuwa nao. Wa mwisho aliyekuwa akitunzwa huko alikufa mwezi Novemba 2019 katika jimbo la Sabah, alikuwa jike mgonjwa wa uvimbe wa kizazi. Jina alilopewa ni Iman. Kifaru wa Java naye amebaki pahala pamoja tu, katika hifadhi ya Ujung Kulon, ncha ya magharibi ya Java. Tulikuwa tunaambiwa wapo zaidi ya 70. Mwaka 2024 ikabainika kuwa majangili waliokamatwa walikiri kuua 26 kuanzia mwaka 2019 hadi 2023, na mmoja wao akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Makadirio ya mwaka 2025 ni kama 50 tu. Hifadhi ina walinzi, ina kamera, ina wafadhili, na theluthi moja ya umma mzima imeondoka kimyakimya.

Hapa mzee wangu fundi cherehani atasema: sawa, ni huzuni, lakini dini inasemaje? Kumaliza chui ni dhambi gani? Yeye ni mnyama mkali, haliwi, hafugwi.

Kwanza tuangalie hadithi aliyoisimulia Abdullah bin Mughaffal (r.a.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba lau mbwa wasingekuwa umma miongoni mwa umma mbalimbali, angeamrisha wauawe wote. Itazame vizuri hadithi hii. Mbwa ni mnyama ambaye najisi yake tunaijua, na Madina ile kulikuwa na shida ya mbwa kiasi cha kutolewa amri juu yao. Juu ya hayo yote, kilichomzuia Mtume (s.a.w.) kuwamaliza hakikuwa faida yao kwetu. Alizuiwa na kule kuwa kwao umma. Imam Khattabi, katika sherehe yake ya Sunan Abi Daud, ameeleza kuwa Mtume alichukia kutoweka kwa umma mzima wa viumbe, kwa kuwa hakuna kilichoumbwa na Allah ila kina hekima ndani yake. Imam Khattabi alikufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hakuwa mfadhiliwa wa shirika lolote la mazingira.

Pili, ile hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Nabii mmoja katika manabii waliotangulia aliumwa na chungu mmoja, akaamuru kijiji chote cha chungu kichomwe moto. Allah akamlaumu kwa kuteketeza umma unaomsabihi kwa kosa la chungu mmoja. Je, ikiwa nabii alilaumiwa kwa kijiji cha chungu, itakuwaje kwa anayemaliza aina nzima, kisiwa kizima?

Tatu, kuhusu biashara yenyewe. Mtume (s.a.w.) ameharamisha kula kila mnyama mkali mwenye chonge. Amekataza kutumia ngozi za wanyama wakali, hadithi imo kwa Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Na kwa Abu Daud imo nyingine, kwamba malaika hawasuhubiani na msafara wenye ngozi ya chui. Basi mjumlishe huyu Muislamu anayetega tanzi Sumatra: nyama haimhalalikii, ngozi amekatazwa, mifupa inakwenda kutiwa mvinyoni, ukucha unakwenda kuwa hirizi. Hakuna hata kiungo kimoja alichobakishiwa cha halali. Wanazuoni wamejadiliana juu ya ngozi iliyodabaghiwa, na mjadala huo naujua, lakini hauokoi biashara hii.

Atauliza tena: mwanakijiji akivamiwa je? Swali la haki, kwa sababu chui milia huua watu Sumatra, na mbuzi na ng'ombe wa maskini huliwa. Sheria haikumwamuru mtu ajitoe kafara. Mtume (s.a.w.) ametaja wanyama watano wanaouawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, miongoni mwao mbwa anayeshambulia. Imam Malik katika Muwatta amemuingiza humo kila mnyama anayewavamia watu, kama simba na chui. Kwa hiyo anayejilinda na chui aliyemvamia hana lawama. Ila ruhusa hiyo ni ya kumzuia aliyevamia. Haikutolewa ili mtu aingie msituni amsake aliyelala. Ukiziweka pamoja hadithi ya watano na hadithi ya mbwa utaona mpaka ulipo: mmoja mwenye kudhuru huzuiwa, umma haumalizwi. Na wazee wa Kiminangkabau, ambao ni Waislamu wa Sumatra Magharibi, walikuwa na adabu yao hata kabla ya vitabu kufunguliwa. Hawamtaji chui kwa jina lake ovyo, humwita Inyiak, yaani babu. Sipendi itikadi nyingine zilizoambatana na heshima hiyo, lakini walijua kuwa chui ndiye anayewapunguzia nguruwe mwitu mashambani. Chui akiondoka, nguruwe hubaki na mihogo yako, na humo huwezi hata kufaidi nyama yake.

Hayo ndiyo yaliyowafanya maulamaa wa Indonesia kusimama. Mwezi Januari 2014 Baraza la Maulamaa la nchi hiyo, linalojulikana kwa kifupi MUI, lilitoa fat-wa namba 4 ya mwaka 2014 kuhusu kuwahifadhi wanyama walio hatarini. Ikaharamisha kuua, kujeruhi, kuwinda na kufanya vitendo vinavyowatokomeza wanyama hao pasi na sababu ya kisheria. Ikaharamisha kuwawinda na kuwauza kinyume cha sheria. Kabla yake maulamaa walikwenda Sumatra kuzungumza na wanavijiji, jambo ambalo nalisifu kwa sababu fat-wa nyingi huandikwa na watu ambao hawakutoka nje ya ofisi. Baada yake maimamu na wahubiri wakafunzwa namna ya kuifikisha katika khutba. Fat-wa si sheria ya nchi. Hakuna anayefungwa kwa kuivunja. Sheria ya nchi ilikuwa ya mwaka 1990, yenye kifungo kisichozidi miaka mitano, na haikurekebishwa kwa kuongezewa ukali mpaka mwaka 2024. Lakini katika kijiji ambacho polisi hafiki mara moja kwa mwezi, imamu yupo kila alfajiri.

Nasi tusidhani hayo ni ya mbali. Pemba kuna popo mkubwa asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu na kutoweka, watu wakimpiga bunduki kwa ajili ya kitoweo na misitu ikikatwa. Wanavijiji wa Pemba wakaunda vikundi vya kumlinda, Kidike na kwingineko, na katika miaka ya 2000 idadi yake ikawa imefika karibu 20,000. Hapohapo Pemba, katika kisiwa cha Misali, wavuvi waliletewa mafunzo ya hifadhi kwa aya na hadithi mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuonekana kuwa amri za serikali peke yake haziwaingii. Kwa maana hiyo tulitangulia. Mtu wa Indonesia angeweza kuja kujifunza kwetu.

Nina lawama moja, na siyo kwa maulamaa. Ni kwa namna fat-wa hii inavyosikika masikioni mwa wakubwa. Tunapoisoma macho yetu yanamwendea yule mwenye tanzi la waya, mtu wa kandambili na deni dukani. Yeye ni mkosa, nimeshasema. Lakini tanzi huua chui mmoja. Kibali cha kufyeka msitu, kilichopigwa muhuri katika ofisi yenye kiyoyozi, huua chui wote wa bonde lile, pamoja na vizazi vyao, na mwenye kukisaini hajashika hata kisu. Katika Suratul-Baqara aya ya 205 Allah anamsema mtu ambaye akipata madaraka huenda mbio kufisidi nchi, kuangamiza mimea na viumbe, naye hapendi ufisadi. Aya haikumtaja mwenye kandambili. Imetaja mwenye madaraka.

Mfano uko wazi. Mwaka 2015 moto uliteketeza hekta zipatazo milioni 2.6 za misitu na ardhi ya Indonesia. Mwingi uliwashwa na watu kusafisha ardhi kwa ajili ya mashamba, na moshi ukawafikia mpaka Singapore na Malaysia. Mwaka uliofuata MUI ikatoa fat-wa nyingine, namba 30 ya mwaka 2016, kuharamisha uchomaji huo. Kisha mwezi Novemba 2025 kimbunga Senyar kikaleta mvua kubwa Aceh, Sumatra Kaskazini na Sumatra Magharibi. Mafuriko na maporomoko ya udongo yakaua zaidi ya watu 1,000. Picha zilizotoka huko zilionyesha magogo kwa maelfu yamejaa mitoni, vijijini na ufukweni. Mvua ni ya Allah na ajali ni qadari yake. Lakini magogo yale yalizua maswali ndani ya Indonesia yenyewe juu ya nani alikata nini huko juu milimani, na Batang Toru, nyumba ya wale orangutani wasiofika 800, imo katika eneo lililopigwa.

Basi, mzee wangu, uliponiuliza kwa nini nililie chui wakati Waislamu wanakufa, jibu langu ni hili: msitu ule unaomhifadhi chui ndio uliokuwa unashikilia mlima usiwaangukie Waislamu wa Sumatra. Misiba hiyo miwili sikuweza kuitenganisha.

Limebaki jambo ambalo linatuhusu sisi moja kwa moja, na ndilo gumu kwangu. Mchikichi ni mti wa Afrika. Ndugu zetu wa Kigoma wamekula mawese tangu enzi za mababu. Mwaka 1848 Wadachi walipanda miche minne tu katika bustani ya Bogor, Java. Mwaka 1911 likaanzishwa shamba kubwa la kwanza la biashara Sumatra. Leo Indonesia ndiyo inayoongoza duniani kwa mafuta hayo, ikifuatiwa na Malaysia, na sisi tulio na asili ya mti wenyewe tunayanunua kwao kwa meli. Sambusa za futari, chapati, maandazi ya asubuhi, na sabuni tunayonawia mikono baada ya kula, sehemu kubwa hutokana na mafuta hayo.

Sithubutu kuyaharamisha. Sina elimu hiyo, na mafuta yenyewe ni tohara. Tena kiasi cha asilimia 40 ya michikichi ya Indonesia ni ya wakulima wadogo, wenye watoto wa kusomesha kama wetu, na hekta moja ya michikichi hutoa mafuta mengi kuliko hekta ya alizeti. Tukisema tuyaache wote kesho, ardhi nyingine itafyekwa mahali pengine. Wapo wenye mashamba waliojifunga kutokata msitu mpya, na mafuta yao hupewa cheti. Lakini mteja wa kwetu anakijuaje?

Wiki iliyofuata darsa ile nilipita kwa muuza duka wa mtaani. Nikachukua chupa ya mafuta, nikaigeuza nyuma na mbele. Imeandikwa mafuta ya kupikia ya mimea, imeandikwa hayana kolesteroli, imeandikwa yamejazwa hapa nchini. Nikamuuliza kijana anayeuza: haya yametoka shamba gani? Akanitazama kama fundi cherehani alivyonitazama. "Ustadhi, haya yanatoka kwa wakala." Na wakala je? "Wakala anatoa bandarini." Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza swali hilo. Akasema hapana, akaniuliza nataka ya lita moja au ya lita tano, maana foleni ilikuwa inakua nyuma yangu.

Nikachukua ya lita moja.